Besi ya Petro

Lukasi alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia pale Mikumi. Siku za kazi alikaa mapokezi ya gesti moja kando ya barabara kuu, akipokea madereva wa malori ya Iringa na watalii waliokuja kuangalia wanyama. Mgeni mmoja akishapanda chumbani na mwingine hajafika, Lukasi alitunga nyimbo. Alizitungia kwenye laptopu moja nene, nyeusi, yenye herufi zilizofutika kwa kuguswa. Hakuhitaji kuziona. Vidole vyake vilijua njia kama ng'ombe wanavyojua njia ya kisimani.

Njia hiyo alionyeshwa na Petro, mpiga kinanda wa kwaya. Petro alikuwa fundi umeme, mwenyeji wa Munisagara, ng'ambo ya Kilosa, aliyehamia Mikumi kikazi pamoja na mkewe Marselina, mwimbaji wa alto kwayani. Jioni, baada ya kazi, alikuja mapokezi na kuvuta kiti kando ya Lukasi. Wakaandika noti pamoja, Lukasi akibonyeza, Petro akiimba sauti ya nne kwa besi yake nzito hadi vikombe mezani vikatetema.

"Hifadhi, mwalimu!" alikuwa akisema kila mstari ukiisha. "Mimi umeme huu naufahamu, hauna rafiki."

Lukasi alibonyeza Control na S. Hata Petro alipougua akarudi kwao Munisagara, hata alipozikwa huko, Lukasi aliendelea kubonyeza kila mwisho wa mstari.

Asubuhi moja laptopu ikakataa kuwaka. Fundi wa Kilosa aliifungua, akatikisa kichwa, akamkabidhi flashi. "Yenyewe imekufa, mzee. Ila faili zako zimo humu zote."

Grace, binti wa Lukasi aliyekuwa muuguzi kule Berega, akasikia. Likizo ilipofika akaja na laptopu yake mwenyewe, nyembamba, ya rangi ya fedha.

"Shikamoo, baba. Hii sasa ni yako, mimi nina nyingine. Lakini si Windows. Ni mfumo mwingine."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta si kompyuta tu?"

Haikuwa kompyuta tu. Alama ya kufunga, aliyozoea kuikuta kulia, sasa ilikuwa kushoto, na hata akiibonyeza programu haikuondoka, ilijificha tu chini kama mtoto aliyekataa kwenda kuoga. Alibonyeza Control na S, kimya. Grace akamwonyesha kitufe kingine, kilichokaa chini ya kidole gumba. Lukasi akakubali kwa kichwa, lakini kidole chake kidogo kilirudi pembeni kulekule. Kila kiliporudi alimsikia Petro akimhimiza ahifadhi, na mashine haikuhifadhi kitu.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkata maini ni pale walipochomeka flashi. Majina ya nyimbo yalijipanga vizuri, ya Krismasi, ya Pasaka, ya arusi za watu ambao sasa wana watoto shuleni. Lakini hakuna hata moja lililofunguka. Grace alijaribu hivi, akajaribu vile, mwisho akaondoa mkono.

"Ile programu yenu ya noti haikutengenezwa kwa mfumo huu, baba. Na waliokuwa wanaitengeneza walishaacha. Nimekuwekea nyingine, ila itabidi uanze upya."

Lukasi alifunga kompyuta, akatoka nje kuangalia malori. Kwa wiki kadhaa hakuigusa.

Aliyemrudisha ni Marselina. Alipiga simu kutoka Munisagara.

"Mwalimu, tunaandaa misa ya kumbukumbu ya Petro. Naomba kwaya ije iimbe ule wimbo wa mavuno, aliotunga yeye."

"Tutakuja, shemeji," Lukasi alijibu upesi, kisha akabaki ameshika simu. Karatasi za wimbo ule zilishaliwa na mchwa kabatini kanisani. Soprano aliikumbuka. Teno, sauti ya tatu, aliiimba mwenyewe. Alto ilikuwa kwa Marselina. Besi ilikuwa ya Petro, na vijana wa besi wa siku hizi hawakuwahi kuifundishwa.

Basi akachukua laptopu ngeni, akaenda Kilosa, na kutoka hapo bodaboda ikamfikisha Munisagara. Alimkuta Marselina barazani akipukuchua mahindi. Wakasalimiana, wakapeana pole upya. Lukasi akafungua mashine mapajani na kuanza kuandika, polepole, akikosea vitufe na kujisonya. Marselina aliimba alto yake bila kuacha kupukuchua:

"Tumekuja, Baba, na mikono ya udongo..."

Sauti tatu zilipokamilika, Lukasi akashusha pumzi. "Besi sina, shemeji. Nitatunga nyingine."

"Utunge ya nini?" Marselina aliweka gunzi chini. "Mtu ameifanyia mazoezi ndani kwetu kule Mikumi mwaka mzima, mimi nikipika, nikifua, nikitaka kulala. Andika."

Akaimba besi ya mumewe. Kwa sauti ya kike, juu sana, lakini kila noti mahali pake. Lukasi alipoteza mstari, akamwomba arudie, na aliporudia hakuandika, alisikiliza tu.  Marselina aliimba mara ya tatu, na safari hii Lukasi akaandika, akiishusha kila noti chini yalikokuwa makazi yake.

Alipoichezesha, mashine ikatoa sauti zote nne kwa mlio wa kinanda. Marselina aliinamisha sikio.

"Inawahi," alisema. "Kwenye 'Baba', Petro alikuwa anakaa kwanza."

Kweli, alikuwa anakaa. Lukasi alikuwa amesahau. Alitafuta alama ya kurefusha noti katika menyu zile ngeni, akaingia pasipo penyewe, akatoka, hadi akaipata, akaiweka juu ya neno lile.

Siku ya misa, kanisa la kigango lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Wimbo wa mavuno ulipofika, Marselina alitoka benchi ya wafiwa. Waimbaji wa alto wakasogea kumpa nafasi, lakini aliwapita, akaenda kusimama nyuma kabisa, kati ya vijana wa besi. Mmoja wao akampa karatasi. Akaipokea kwa adabu, akaikunja bila kuisoma.

Lukasi akainua mikono. Ikabidi angoje kidogo hadi aone vizuri, kisha akawapa noti ya kwanza.