Simu Niliyomwahidi Fundi

Mke wangu alikuwa fundi wa magodoro. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi pia. Alishona huku akinisema. Yeye maneno mengi, mimi machache, basi tukatoshana.

Virusi vya UKIMWI tuliishi navyo sote wawili, kwa vidonge, miaka na miaka. Baadaye Fundi akaingia kwenye utafiti pale hospitali. Walimtundikia dripu ya kinga za mwili zilizotengenezwa maabara, waone kama zinaweza kuvizuia virusi bila vidonge. Kwenye damu havikuonekana. Kisha saratani ikamkuta.

Nesi wa utafiti alitueleza kwamba virusi hujificha ndani, kwenye tezi na utumbo. Kuvifuata huko kote ni mpaka mtu afariki, na mwili uchukuliwe mapema, kabla haujaharibika.

"Basi mtanichukua mimi," Fundi akasema.

"Mama, hakuna anayekulazimisha."

"Nani atanilazimisha mimi? Muulize huyu mzee." Akanigeukia. "Nikikata roho, kwanza piga simu. Kulia utalia baadaye."

Nesi alicheka. Mimi niliitikia tu.

Alifariki asubuhi, nyumbani, nimemshika mkono. Simu ilikuwa gotini. Nikipiga, wanamchukua. Nisipopiga, anabaki. Nikakaa.

Kaka yake akaingia.

"Shemeji, unampigia nani?"

"Wale wa utafiti."

"Umepagawa? Wamchanechane dada yangu?"

"Alitaka mwenyewe."

"Sasa hataki kitu tena. Mwache apumzike mzima."

Ndiyo maneno niliyotamani kuyasikia. Nikamtazama Fundi, nikingoja amjibu. Siku zote yeye ndiye aliyemjibu kaka yake. Nikaona itabidi nijibu mwenyewe.

"Nilimwahidi," nikasema. Nikapiga.

Shemeji akatoka, hata mlango hakufunga.

Walimchukua, wakamrudisha jioni kama walivyosema. Mazikoni shemeji alisimama mbali. Hajakanyaga kwangu tangu hapo, na ndiye ndugu pekee aliyekuwa amenibakia.

Juzi nesi alipita.

"Baba, virusi tumevikuta kwenye utumbo. Kinga hazikufika huko vizuri. Sasa tunajua pa kulenga. Bila mama tusingejua."

"Vizuri."

Akangoja niongeze. Nikamkaribisha chai, akasema kuna wagonjwa wanamsubiri. Nikamsindikiza hadi barabarani. Alishavuka, akapotea kwenye watu, mimi bado nimesimama.