Mkono wa Mume Wangu

Kabla mume wangu hajajiunga nayo, timu yetu ya besiboli hapa Guangzhou ilikuwa ya kufungwa kila Jumapili. Kocha alikuwa na duka la mikoba kule Shiling. Tulimwita laoban, kama tunavyowaita mabosi wote hapa. Alibadilisha warushaji hadi wachezaji wenyewe wakasahau nani anasimama wapi.

Mume wangu alifundishwa mchezo huo shuleni Dar es Salaam. Siku ya kwanza alipokabidhiwa mpira, wapigaji watatu wa upande wa pili walikata hewa kwa magongo yao, mmoja baada ya mwingine, wakarudi kuketi. Tangu hapo laoban alimwanzisha yeye kila mechi, naye alirusha karibu hadi mwisho. Nikaiona timu inabadilika. Wadakaji waliozoea kugombana walitulia, maana mipira iliyowafikia ilikuwa michache na myepesi. Hata wapigaji wetu waliacha papara. Walijua pointi mbili zingetosha. Watu wakaanza kututaja kwenye habari za kombe.

Mimi ndiye niliyekuwa namdakia mazoezini. Asubuhi, kabla hatujaenda soko la Guangyuan Xilu kununua nguo za jumla, alinirushia pale uani. Mpira wake ulinichoma kiganja ndani ya glavu. Wiki ya nusu fainali haukunichoma.

"Kiwiko kinauma?"

"Kidogo. Usimwambie laoban, mke wangu. Bila mimi hawafiki."

Sikumwambia laoban. Siku ya mechi tulikuwa tunaongoza, lakini kila akirusha aliubana mkono kifuani, na uso ulikuwa umemsawijika. Nikashuka kutoka nilipokuwa nimekaa, nikamwendea kocha.

"Mtoe. Mkono wake unakufa."

Laoban alimtazama, akamtoa. Mipira ya warushaji waliomfuata ilipigwa walivyotaka wapinzani, tukafungwa. Mume wangu alikaa benchi bila kunitazama. Ndani ya treni alisema jambo moja tu: "Watu wale walinitegemea, wewe ukanivua nguo mbele yao."

Daktari alisema kano ya kiwiko imechanika, na angeendelea kidogo tu ingekatika kabisa. Nilidhani maneno hayo yatatupatanisha. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, akamshukuru daktari, akatangulia kutoka bila kunisubiri.

Hakurusha tena. Robota la nguo nalo likamshinda kuinua, akawa anasema mji huu hauna kazi yake. Siku aliyorudi Dar nilimfungia zipu ya sanduku mimi.

"Utarudi lini?"

"Tutaona."

Sasa mimi napakia mizigo bandarini Huangpu, yeye anaipokea kule Dar. Hupiga simu kuuliza kama kontena limeondoka. Juzi nilijipa moyo, nikamwuliza mkono unaendeleaje. Akasema, "Hivi nguo za watoto zimepanda bei?"

Nikamwambia zimepanda.