Wati Hamsini za Kwenda Pangani

Gari lile sikulinunua, nilibadilishana. Kazi yangu ni milango na madirisha yaliyotumika: nachukua kwenye nyumba zinazobomolewa, nauza Mapinga, ambako kila mwenye kiwanja anajenga haraka kuliko mfuko wake. Mteja mmoja alikuwa na kigari cha kutoka Japani, kile cha kulala ndani: kitanda, sinki la kuoshea kikombe kimoja, feni, friji ya chupa sita. Hakuwa na pa kukiweka, na nyumba yake haikuwa na mlango hata mmoja. Tukakubaliana milango kumi na mmoja na madirisha kumi na manne. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili nikakuta nimemzidishia dirisha, nikalirudisha kwenye pikapu kabla hajamaliza kunishukuru.

Nililitaka kwa ajili ya mama, ninayeishi naye Zinga. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, yuko Pangani, na macho yake yalikuwa yanafifia. Hospitali walishasema kinachopotea hakirudi. Mama alikuwa na haja moja tu: amwone dada yake wakati dada yake bado anaweza kumwona yeye. Kwa basi hawezi. Akikaa saa mbili miguu inavimba, na joto linamkata pumzi. Anahitaji kujinyoosha njiani na feni impepee.

Kitanda kilikuwa kizima. Feni ndiyo iliyokuwa na maneno. Gari la namna hiyo lina betri mbili, moja ya kuwashia injini, nyingine ya nyumba: taa, feni, friji. Waya wa kuchaji ile ya pili kutoka kwenye injini ulishakatwa huko ulikokatwa. Soketi yake ya umeme ni ya kwao, ukiipa umeme wetu unanusa moshi. Betri ya nyumba iliyokuja na gari niliipeleka kwa fundi wa kuchaji, akaichemsha kama maharage. Kwa hiyo nilipofunga mpya nikaenda mjini Bagamoyo, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imekuwa ikiuza taa tangu zile za utambi, nikachukua paneli ndogo ya sola, wati hamsini. Tulibishana bei mpaka akafunga duka kwenda kuswali Adhuhuri, akarudi, akanikuta.

Gari hukaa kivulini chini ya banda la mabati, maana plastiki ya ndani haipendi jua. Paneli nikailaza uani juu ya matofali manne, kwenye jua la kutosha, waya ukaingia dirishani. Asubuhi natoka, jioni narudi. Kila Ijumaa nawasha feni kuijaribu.

Ijumaa ya kwanza ilizunguka dakika arobaini ikafa. Ya pili, nusu saa. Ya tatu, mita ilisoma volti kumi na moja na nukta nane. Nikapima tena: kumi na moja na nukta nane. Betri iliyoshiba inatakiwa ifike kumi na mbili na nukta saba.

Binamu zangu wakapiga simu kutoka Pangani. Mama mkubwa sasa alikuwa anatambua watu kwa sauti kwanza, sura baadaye, tena akiwa mlangoni kwenye mwanga.

"Tunaondoka lini, baba?" mama akauliza.

"Betri ikijaa, mama."

"Hiyo betri ina njaa kuliko wewe."

Nikaing'oa paneli, nikairudisha dukani nimevaa uso wa kudai.

"Umeniuzia kioo cha meza," nikamwambia mzee.

Akailaza kwenye baraza, juani, akagusisha mita yake. Ishirini na moja. Nikaomba mita nyingine, nayo ikasema ishirini na moja.

"Paneli yangu haina kosa," akasema. Kisha akainama, akanusa. Akanusa tena. "Ndugu yangu, hii unachajia betri au unakaangia?"

"Kivipi?"

"Inanuka uduvi."

Nikanusa. Wallahi, uduvi. Ndipo nikakumbuka jambo lililonifurahisha wiki zote tatu: paneli ya uani kwangu, pamoja na vumbi lote la Zinga, kila jioni ilikuwa inang'aa. Nilidhani Mungu ananipenda.

Nyumbani nilimkuta mama na ungo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekipeleka wapi kichanja changu?"

"Kichanja?"

"Cha kioo. Naanika uduvi wa dada. Kwenye jamvi siku tatu na mchanga juu. Pale siku moja, na kuku hawafiki. Kila asubuhi nakifuta kwanza. Si ulinitengenezea mimi?"

Kumwambia mama amekosea kuna njia zake, na hakuna hata moja inayofika. Nikazunguka. "Mama, Pangani kuna uduvi."

"Uduvi wa Pangani!" Akacheka kama nimemwambia dada yake ale magogo. "Niende kwa dada yangu miaka sita sijamwona, nimekunja mikono?"

Basi nikafanya ninachokijua. Nikampa nusu: upande wa kusini uduvi, upande wa kaskazini jua. Akadai robo tatu. Tukafunga biashara kwenye nusu. Jioni nikapima mara mbili, betri haikuongeza hata nukta moja. Nikampigia mzee wa dukani, akaniambia paneli iliyofunikwa nusu ni kama mpira wa maji uliokanyagwa: haijalishi umeukanyaga wapi, maji hayatoki.

Safari hii nikamweleza mama bila kuzunguka. Kwamba kioo kinakula jua kama uduvi unavyokula jua, na jua ni moja. Kwamba anachomkaushia dada yake ndicho kinachomzuia asifike.

Akakitazama kioo, akautazama uduvi.

"Siku ngapi?"

"Tatu za jua kamili."

"Sema mbili."

"Mama, hii sina uwezo wa kupunguza."

Siku tatu alikaa uani na jamvi lake na fimbo ya kufukuzia kuku, kitambaa cha kufutia kioo mkononi, na kila wingu lilipopita aliliambia maneno. Siku ya tatu mita ikasoma kumi na mbili na nukta saba. Sikupima mara ya pili. Niliogopa.

Tukaondoka baada ya Alfajiri, tukapitia Msata, mama kalala chali, feni usoni, uduvi kwenye kikapu miguuni na mchanga wake kidogo. Pangani tulifika Alasiri. Mama mkubwa alikuwa amekaa sebuleni. Alisikia sauti, akanyoosha mikono, akamshika mdogo wake kidevu, akamvuta hadi mlangoni penye mwanga. Akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kama mtu anayenunua papai.

"Umekonda," akasema. "Na hili kovu la nyusi bado lipo." Kisha akaangalia upande wangu, palipokuwa na kivuli cha mtu. "Nani anakulisha, huyu?"

"Huyu," mama akasema.

"Basi utabaki huku."

Alibaki miezi miwili.