Matundu Niliyoyapiga Tupa

Kazi yangu katika karakana ile ya Jeppestown ilikuwa kupiga tupa. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya kupashia maji moto viwandani. Ukiuona kwa nje ni pipa refu la chuma lililolazwa. Ndani yake kuna mabomba membamba mengi yaliyopangwa pamoja, na sisi tulikuwa tunayaita bando. Maji yanapita ndani ya mabomba, mvuke unapita nje yake, joto linahama bila maji na mvuke kukutana. Mabomba yanashikiliwa na sahani za chuma zilizotobolewa, kila bomba na tundu lake. Mashine ikishatoboa, tundu hubaki na makali. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaondoa kwa tupa ndogo ya mviringo, maana bomba likisuguana na makali, siku moja litakatika.

Tulitoka Tanga pamoja, mimi na yeye, tukaja huku kusini kabisa mwa Afrika kutafuta maisha. Kwanza nilisuka nywele Yeoville, kisha saluni ikafungwa, naye akaniombea kazi kwa mwenye karakana, mzee wa Kireno aliyezaliwa hapahapa. Nilipenda kufanya naye kazi. Alikuwa akipita mezani kwangu anachomeka kidole kwenye tundu, anazungusha, anasema, "Hili bado." Nami nambishia, tunacheka.

Mwaka wa Kombe la Dunia, baridi ikiwa imeanza kukaza, alitumwa kwenye kiwanda kimoja cha sabuni nje ya jiji. Jioni, tukiwa chumbani kwetu, mtaa wa La Rochelle, aliing'oa fimbo ya pazia dirishani.

"Shika mwisho huu," akaniambia.

Nikashika. Yeye akashika mwisho wa pili, akaigonga katikati kwa kidole. Ikachezacheza muda mrefu. Kisha akasogeza kiti, mgongo wa kiti ukagusa fimbo pale katikati. Akagonga tena, ikatulia papo hapo.

"Umeona? Sahani zao ziko mbalimbali mno. Zamani kiwanda kilikuwa kidogo, mvuke ukipita polepole. Sasa wameongeza kazi, mvuke unaingia kwa kishindo, unayapiga yale mabomba ya mlangoni. Mtambo mzima unalia."

"Si wabadilishe bando?"

"Wanataka tuzibe tu. Bomba likitoboka, tulitie kizibo huku na huku, waendelee. Lakini bomba lililozibwa haliachi kutetema, mke wangu. Linakatika humohumo ndani, kisha linaanza kuyapiga yaliyo jirani."

Binti yetu mdogo alikuwa akituangalia. Akasema kwa Kiingereza kwamba pazia limeanguka, nasi tukakumbuka kulirudisha.

Mzee aliwaeleza wenye kiwanda yote hayo. Wakakubali tuwatengenezee bando jipya, ila wakasema la zamani litaendelea kufanya kazi mpaka jipya liwe tayari. Basi tukaanza. Safari hii sahani zilikuwa nyingi zaidi, ili zikaribiane, na matundu yalilibana bomba bila kulikaba. Mume wangu aliongeza na bamba nene la kukaa mbele ya mlango wa mvuke, ili mvuke uligonge hilo kwanza, usiyavamie mabomba.

Nilikuwa bado na sahani kadhaa siku kiwanda kilipopiga simu. Bomba jingine lilikuwa limetoboka. Mume wangu alikata nusu ya chapati yangu, akapanda bakkie, ile pikapu ya karakana.

"Nikirudi tunaanza kuyapitisha mabomba," alisema, chapati mdomoni.

Walimwambia mvuke umefungwa. Valvu ilikuwa imechoka, haikufunga sawasawa. Alipofungua mfuniko wa mwisho wa mtambo, kizibo kimoja cha zamani kiliruka, na maji ya moto na mvuke vikamfuata. Vilimshika usoni hadi kiunoni.

Nilijua jambo limetokea pale mashine za karakana zilipozimwa moja baada ya nyingine. Mzee alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, vaa koti," akasema.

Hospitali walikuwa wamemfunga bandeji, nikamtambua kwa miguu. Aliweza kusema kidogo. Aliuliza kama mtoto amekula. Kisha akauliza, "Sahani zimeisha?"

"Bado."

"Usiharakishe."

Alifariki asubuhi moja nikiwa kwenye korido, nimekwenda kumtafutia mwuguzi. Wanaume wa Tanga na wa Dar wanaoswali msikiti mmoja naye ndio waliomwosha na kumzika, siku ileile. Mimi nilibaki na kazi ya kumpigia simu mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamwambia. Kwanza nilisikia simu ikianguka, halafu sauti za majirani, halafu yeye mwenyewe tena. Hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza, "Maji ya kumwoshea yalikuwa ya moto?"

"Yalikuwa baridi, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo akalia.

Sikuwa na hakika. Sikuwapo pale walipomwosha.

Nikakaa eda katika kile chumba. Wanawake wa Kitanzania walikuja kwa zamu kunipikia, na jirani yangu Mrundi, mama wa Kikristo, alimchukua binti yangu akacheze na wanawe. Siku moja mzee alibisha hodi, akasimama nje, akasema atamtafuta mtu mwingine amalizie zile sahani.

"Zilete hapa," nikamwambia.

Alizileta na bakkie, watu wawili wakaziingiza. Nilitandika blanketi sakafuni nikaanza. Mmoja wa wale wanawake alininong'oneza, "Dada, si upumzike, watu watasemaje?" Nikaendelea kupiga tupa. Baadaye aliketi akanishikia sahani isicheze, na kila mara akiifuta vumbi la chuma kwa ncha ya kanga yake. Sikuharakisha. Kila tundu nililichomeka kidole, nikazungusha, na yapo niliyoyarudia hadi kidole kikachubuka.

Nilipotoka eda mvua za majira ya joto zilikuwa zimeanza, na bando jipya lilikuwa limekwisha kufungwa kiwandani. Nilimwomba mzee anipeleke. Mwangalizi wa mtambo, kijana mchangamfu, alinionyesha pipa lile likifanya kazi. Niliweka kiganja juu ya ganda la nje la pipa. Lilikuwa na joto, na limetulia kabisa.

"Eish, hata kelele hakuna siku hizi," akasema kwa furaha. Hakuna aliyekuwa amemwambia mimi ni nani.

Nilidhani nitapata faraja. Nilichopata ni hasira, hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Jambo lenyewe liliwezekana. Sahani zilizokaribiana, matundu laini, bamba moja mlangoni, nalo limenyamaza.

Tukarudi na bakkie. Karibu na Jeppestown robot, yaani taa ya barabarani, ilitusimamisha, ikiwa nyekundu.

"Mama, limetengenezwa vizuri?" mzee akaniuliza.

"Limetengenezwa vizuri sana."

Taa ikawa ya kijani, naye hakuondoa gari. Alikuwa ameinamia usukani, mabega yakimtikisika. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Twende, mzee," nikamwambia.