Kilo za Mama Mkwe

Kazi yake ilikuwa kuwapima watu wazima kama viazi, na ndiyo maana hakuwa na marafiki wengi. Pale kwenye kiwanja cha ndege walimwita Kilo, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ofisi ilikuwa banda la mabati lenye meza moja, mguu wake umefungwa waya, na mizani kubwa iliyonunuliwa awali kwa ajili ya magunia. Ndege zenyewe zilikuwa vidude vya abiria tisa, vya kumfanya mtu akumbuke madhambi yake hata kabla injini haijawashwa.

Na watu, jamani! Wakifika mbele ya mizani wote wanageuka waongo. Wanaume wanabana tumbo, utadhani mizani inasoma kitambi. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuvua meno ya bandia akampa mkewe ashike. Kilo aliwaacha wahangaike wee, kisha akasoma namba kwa sauti, banda zima lisikie. Mtu akinuna, alimwambia, "Nuna tu ndugu yangu, ila ufike." Njia ya kurukia ilikuwa fupi, na mwisho wake kulikuwa na shimo la machimbo ya kokoto. Ndege ikizidiwa uzito ilikuwa inaelekea humo, basi.

Siku moja, mchana wa joto kali, akaingia mama mkwe wake. Anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi, mtoto wa shemeji yake Kilo. Begi lake lilikuwa kilo kumi na tano kamili, kiasi kile kile kinachoruhusiwa, hakuna zaidi wala pungufu, na hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu mwenye akili. Mama mwenyewe alikuwa amevaa koti zito na anatembea polepole, kama kabati linalohamishwa.

"Shikamoo mama. Karibu upande hapa," Kilo akasema, macho chini.

"Marahaba. Nipande wapi?" Mama akaitazama mizani, akamtazama mkwewe. "Binti yangu nimekupa, sasa unataka kunianika mbele za watu kama gunia la mkaa? Andika sitini na nane, baba. Nilipimwa hospitali wiki iliyopita."

Wale wanane waliokwishapimwa wakageuka kutazama. Kilo, aliyewahi kumpandisha mkuu wa polisi na bastola yake kiunoni, safari hii hakuthubutu. Mama mkwe ni mama mkwe! Atamsomea kilo zake kwa sauti, halafu jioni arudi nyumbani kulala wapi? Akaandika sitini na nane. Kwenye fomu, nafasi iliyokuwa imebaki kwa abiria wa mwisho ilikuwa kilo themanini na mbili, akajipa moyo kwamba hata mama akiwa amepunguza kidogo, mambo yatakwenda.

Akasimama mlangoni pa banda kuwatazama wakipanda. Wanane walipanda vizuri. Mama alipoweka mguu kwenye ngazi, ngazi ikalia, na mkia wa ndege ukashuka hadi Kilo akashika kichwa.  Rubani, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alikwishaweka fomu mfukoni bila kuitazama mara mbili. Injini ikawashwa.

Kilo akatimua mbio. Alikimbia na kandambili zake, moja ikabaki njiani, akasimama mbele ya ndege akipunga mikono kama aliyevamiwa na nyuki. Injini ikazimwa. Rubani akatoa kichwa dirishani.

"Una wazimu?"

"Abiria mmoja sikumpima!" Kilo akapiga kelele. "Mama mkwe wangu! Nimeandika alivyoniambia!"

Mama akateremshwa, anamlaani mkwe na ukoo wake wote. Akapandishwa kwenye mizani. Themanini na tisa. Rubani akamwomba avue koti, na hapo ndipo soko likafunguka: pakiti tano za unga zimefungwa kiunoni kwa shuka, miche sita ya sabuni mifukoni, na mgongoni, loo, pasi ya chuma.

"Mnaruhusu kilo kumi na tano tu za mzigo," mama akasema bila haya. "Mzazi ataogea nini?"

Wasindikizaji waliobaki bandani wakaangua kicheko. Kilo naye akaanza kucheka, akaona rubani hacheki.

"Na wale wanane?" rubani akauliza.

"Wale nimewapima wote."

"Nitajuaje?"

 Miaka kumi na moja katika kazi ile alitukanwa kila namna, lakini swali hilo lilimuuma kuliko matusi yote. Akaenda mwenyewe hadi kwenye ndege akawaambia abiria washuke, wapimwe upya. Wakashuka wakimtukana kwa zamu.

Mama alipanda wa kwanza, amebaki na gauni tu. Mshale ukasimama kwenye sitini na nane.

"Unaona? Sikukudanganya," akasema.

"Hukunidanganya, mama. Mimi ndiye niliyedanganya."

Akasoma namba kwa sauti. Rubani akainama, akausoma mshale kwa macho yake, ndipo akaandika.