Koti Halili Umeme

Nimezunguka miji mingi na waya begani. Nimeona umeme ukikatika kwa mvua, kwa panya, hata kwa nyoka.

Lakini ofisi kuzimika kwa sababu wafanyakazi wote wamekuja kazini, hiyo nimeiona mara moja tu. Na nusura inipeleke ndani.

Ilikuwa ofisi kubwa ya ghorofa mbili. Meneja aliniita nibadilishe nyaya zilizochakaa.

Darasani sikukaa sana, ila hesabu ya mzigo wa umeme naijua. Waya ni kama mgongo wa hamali: ujue kwanza utautwika nini. Unajumlisha kila kinachokula umeme, halafu unaangalia vingapi huwaka kwa pamoja. Ukikosea, unaunguza jengo.

Nikamwuliza meneja kama nihesabu vyote. Akasema nisimtie hasara, nihesabu vile ninavyoona vikitumika.

Basi nikashinda pale wiki nzima nikiangalia.

Jamani, niliona makoti.

Kila kiti kimevalishwa koti, kompyuta imezimwa, feni imelala. Ukimwuliza jirani mwenye koti yuko wapi, kama jirani mwenyewe yupo, anakujibu katoka sasa hivi. Koti moja lilikuwa limeota vumbi mabegani.

Koti halili umeme. Nikapiga hesabu ya waliopo, nikavuta waya wa kuwatosha, nikaweka na swichi ya usalama ya kiasi hichohicho, inayojizima mzigo ukizidi.

Siku namalizia soketi za mwisho, mkubwa kutoka makao makuu akaja kukagua.

Wee! Watu walimiminika mpaka viti vikapungua. Wengine walikuwa wakitambulishana. Kila mtu akawasha kompyuta, feni na birika la chai, aonekane mchapakazi.

Mkubwa anaingia tu, kila kitu kikazimika. Nikarudisha swichi. Ikaruka tena.

Meneja, jasho likimtiririka, akanigeukia. Akamwambia mkubwa kwamba nimeiba waya mnene nikawawekea uzi, na mlinzi anipeleke polisi. Mlinzi akanikaba mkanda wa suruali. Uzee wote huu, nikalale rumande kwa wizi?

"Mzee," mkubwa akaniuliza, "hesabu yako uliipigaje?"

Nikaona liwalo na liwe.

"Bosi, nilihesabu watu. Makoti sikuyahesabu."

Mama mmoja akaanza kulitoa koti lake kitini, polepole, kama analiiba.

Mkubwa akaamuru niachiwe, kisha akajifungia na meneja. Nikajua leo watu watafukuzwa.

Wapi!

Walipotoka, meneja akatangaza kwamba kwa usalama wa jengo, ni marufuku wafanyakazi wote kuja siku moja. Waje kwa zamu.

Watu wakapiga makofi.

Mkubwa akanisindikiza hadi getini, mkono wake begani kwangu kama tumekua pamoja. Nikadhani nimepata kazi nyingine.

"Makao makuu nako nyaya zimechakaa, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Ila wewe usije."

Ndugu msomaji, fundi akikuuliza mna nini na mnatumia nini, mwambie yote. Binadamu wenzako unaweza kuwadanganya mpaka ustaafu, tena wakufanyie na sherehe ya kukuaga. Waya haujui cheo cha mtu. Utakuvumilia, utakuvumilia, halafu utakuumbua mbele ya wageni.