Debe Kando ya Mafiga

Juzi nilimwona nyoka kwenye sanduku la kioo, taa ikiwaka upande mmoja tu. "Akizidiwa na joto anahamia kule kwenye baridi," mtunzaji wake aliniambia.

Utotoni, kule Issenye, nilifuga nyoka mdogo wa kijani ndani ya debe. Alasiri moja ya mvua nilimkuta amepoa. Nikalisogeza debe kando ya mafiga, kama mama alivyofanya kwa vifaranga, nikalifunika. Jiko zima lilinukia moshi na maziwa mgando. Debe likaanza kugongagonga.

"Bibi, sikia! Amepata joto, anacheza."

Debe lilipotulia nilinong'ona, nisimwamshe.

Bibi alifunua. "Bhoke, mjukuu wangu, alikuwa anatafuta pa kutokea. Amekufa."

Nilimtoa nyoka wangu, nikamkumbatia kifuani.

"Hajafa, bibi. Bado ana joto."